Kabla ya kung'oa jino, tuambieni habari ya mfupa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Najua wengi tunaokuandikia kutoka hapa Dodoma tunaandika juu ya viwanja, maji na vumbi la mitaani. Mimi leo naandika juu ya meno, na hasa juu ya mfupa unaoyashika, kwa sababu makala mliyoitoa hivi karibuni kuhusu meno ya kupandikiza ilinifurahisha na papo hapo ikaniacha na dukuduku. Mlieleza kwamba jino hilo halivuliwi usiku, kwamba linafanana na jino la asili, kwamba mtu anatafuna nyama bila wasiwasi. Yote ni kweli. Ninalo kinywani mwangu na natafuna nalo. Lakini hamkugusa jambo ambalo ndilo linaloamua kama mtu atalipata jino hilo kwa urahisi, atalipata kwa taabu, au atalikosa kabisa. Jambo lenyewe huanza siku jino la asili linapong'olewa, na siku hiyo wagonjwa wengi hatuambiwi lolote.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa makamo, nina banda karibu na soko la Majengo. Nashona sare za shule, majoho ya kwaya na magauni ya sendoff. Kwa fundi, mdomo nao ni kifaa cha kazi. Pini unazibana midomoni huku mikono inapanga kitambaa, na mkasi ukiwa mbali, uzi unakatwa kwa meno ya mbele. Miaka kadhaa iliyopita bodaboda niliyopanda iligongana na bajaji, nikaangukia uso. Jino la mbele la juu likavunjika usawa wa fizi na mzizi wake ukapasuka.

Nilipelekwa hospitali moja ambayo sitaitaja. Kijana aliyening'oa kile kipande kilichobaki alikuwa na mkono mwepesi na maneno ya upole. Ganzi ilishika, damu ikakata, nikapewa pamba ya kung'ata na dawa za maumivu. "Pole mama," akaniambia, "leo usisukutue, kesho anza maji ya chumvi." Nikamshukuru na nikaenda nyumbani. Kidonda kilipona vizuri. Hakuna aliyenidokeza kwamba chini ya fizi ile iliyopona, mfupa wangu ulikuwa umeanza kupungua.

Naomba nieleze hapa, maana nilivyoelezwa mimi baadaye ndivyo ningependa kila mtu aelezwe mapema. Jino halikai kwenye fizi. Fizi ni kifuniko tu. Mzizi wa jino umekaa ndani ya mfupa wa taya, na kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi laini zinazoushikilia. Kila unapotafuna, mzizi unausukuma mfupa, na mfupa unaendelea kuwepo kwa sababu una kazi. Mzizi ukitoka, kazi imekwisha, na mwili unaanza kuuondoa mfupa ule. Katika mwaka mmoja wa kwanza sehemu ile inaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Kwa meno ya mbele ya juu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ukuta wa mfupa upande wa mdomo mara nyingi haufiki hata milimita 1. Ukuta mwembamba namna hiyo hauchukui muda kutoweka.

Mimi nilitengenezewa jino la kuvaa, lile lenye kibao cha plastiki cha rangi ya fizi na kiwaya cha kushikia jino la jirani. Sikidharau kifaa hicho. Kuna wazee hapa mtaani ambao bila meno ya kuvaa wangekuwa wanakunywa uji mchana na usiku. Lakini kinakaa juu ya fizi, hakiingii kwenye mfupa, kwa hiyo hakiuzuii kupungua. Mfupa ulivyozidi kushuka, changu kilizidi kulegea. Nikibana pini midomoni kinacheza. Nikizungumza na mteja juu ya vipimo, herufi "s" na "f" zinatoka na upepo. Mwishowe kikakatika nikitafuna karanga, zile za Mpwapwa zinazouzwa stendi zikiwa bado na moto wa kikaango.

Nilikwenda kliniki ya meno kutaka kitengenezwe. Daktari alikuwa dada mdogo, umri wa binti yangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo kabla hata sijakaa, akatazama kinywa, akapiga picha ya eksirei, akaigeuza kioo kwangu nione. Maneno yake nayakumbuka: "Mama, nafasi ipo. Mfupa ndio haupo." Kisha akachukua muda kunieleza jino la kupandikiza ni nini.

Watu wengi wanadhani ni jino zima linalochomekwa kwenye tundu. Sivyo. Kwanza kuna kipandikizi chenyewe, ambacho ni skrubu ndogo ya madini ya titani, unene wake milimita 4 hivi na urefu wake mara nyingi karibu milimita 10. Hiyo inachukua nafasi ya mzizi na haionekani kabisa. Juu yake inafungwa shina fupi linalotokeza kwenye fizi. Juu ya shina ndipo inapokaa kofia ya jino, ambayo ndiyo watu wanayoiona ukicheka. Kwa hiyo ukiambiwa bei, uliza kama ni ya vipande vyote vitatu au ni ya skrubu peke yake, maana wapo waliotajiwa bei ya kipande kimoja wakafurahi, halafu wakakwama katikati.

Kwa nini titani? Mwanangu anayesoma chuo alinitafutia historia yake nami nikaipenda. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden aitwaye Per-Ingvar Brånemark, akiwa Chuo Kikuu cha Lund, alikuwa anachunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa. Alipachika vifaa vidogo vya titani kwenye miguu ya sungura ili achungulie humo. Utafiti ulipokwisha akataka kuvitoa avitumie tena, vikakataa. Mfupa ulikuwa umevishika kiasi kwamba havibanduki. Kumbe mwili, ambao kwa kawaida hupigana na kitu kigeni, hauikatai titani, na mfupa huota moja kwa moja hadi kuigusa. Mwaka 1965, akiwa mjini Gothenburg, alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, na mgonjwa yule aliendelea kutumia vipandikizi vyake zaidi ya miaka 40 hadi kufa kwake. Hata hivyo wenzake walimtilia shaka kwa muda mrefu. Ni baada ya mkutano uliofanyika Toronto mwaka 1982 ndipo njia yake ilipokubalika kwa upana duniani.

Naona msomaji ameshaelewa ninakokwenda. Kama siri ya jino hili ni mfupa kuota na kuishika titani, basi penye mfupa haba hakuna cha kushikilia. Sisi mafundi tunajua kwamba kitambaa kilichochakaa hakishiki kifungo hata ukishone kwa uzi wa namna gani. Unatia kiraka kwanza. Na mimi ndivyo ilivyobidi: kutiwa mfupa kwanza.

Mfupa unaotiwa unaweza kuchukuliwa kwenye mwili wako mwenyewe, mara nyingi nyuma ya taya au kidevuni, au unaweza kuwa chembechembe zilizotengenezwa maabara, au chembechembe za mfupa wa ng'ombe zilizosafishwa hadi likabaki lile gamba gumu la madini tu. Juu yake hufunikwa utando mwembamba ili nyama ya fizi isiingie kabla mfupa haujaota. Hapa naomba niseme jambo kwa ajili ya jirani zangu Waislamu, kwa sababu mwenzangu wa banda la pili aliniuliza na ilinibidi nirudi kuuliza kwa ajili yake. Baadhi ya tando hizo hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Si zote. Zipo za ng'ombe na zipo za kutengenezwa maabara. Mgonjwa ana haki ya kuuliza na kuchagua kabla hajalala kwenye kiti, na daktari mzuri hatakasirika.

Baada ya hapo nikasubiri miezi mfupa ushike. Ndipo nikarudi kutiwa kipandikizi. Nilikuwa na hofu kubwa ya kusikia taya inatobolewa, lakini kwa kweli kung'olewa kuliniuma zaidi. Ganzi ni ile ile. Fizi inapasuliwa kidogo, mfupa unatobolewa taratibu kwa visu vya kuzunguka, wanaanza na chembamba na kuongeza unene, huku maji ya chumvi yenye ubaridi yakimiminwa muda wote. Nilidhani maji yale ni ya kusafisha damu. Daktari akaniambia ni ya kupoza, kwa sababu mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaanza kufa, na mfupa uliokufa hauishiki titani. Kwa hiyo anayefanya kazi hii kwa haraka anaharibu hata kama vifaa vyake ni vipya.

Kisha fizi ikashonwa (nilitamani kuona mshono wake ulivyo, kwa mazoea ya kazi) na nikasubiri tena. Kwa kawaida taya la chini husubiriwa miezi 3 hivi, la juu hadi miezi 6, kwa sababu mfupa wa juu ni laini zaidi. Matangazo ya "meno mapya kwa siku moja" ninayoyaona kwenye simu za vijana yanahitaji maelezo. Wapo wagonjwa wenye mfupa imara ambao huwekewa kofia ya muda siku ile ile, na hilo si uongo. Ila mfupa hauharakishwi na tangazo. Kofia ile ya siku ya kwanza ni ya kuficha pengo, na mgonjwa anaambiwa asiitafunie kitu kigumu hadi mfupa umalize kazi yake.

Sasa nimlinganishe na mimi mdogo wangu wa Kibaigwa, anayefanya biashara ya mahindi. Gego lake la chini lilipasuka kwa jiwe lililokuwa kwenye ugali wa mtama. Aliyemng'oa alimkalisha kabla ya kushika koleo akamwambia mambo mawili matatu: jino hili halina tena namna ya kuzibwa, mfupa utaanza kupungua, ukitaka kupandikiza siku za mbele njoo mapema, na kama unaweza kuongeza kidogo leo naweza kujaza tundu chembechembe za mfupa ili lisinywee. Mazungumzo hayo hayakumaliza hata dakika tano. Mdogo wangu akajazwa tundu, akaenda kuuza mahindi yake, msimu ulipoisha akarudi na fedha, mfupa ukakutwa upo, akatiwa kipandikizi bila hekaheka nyingine. Mimi nililipia upasuaji wa ziada na nilisubiri muda wa ziada. Tumezaliwa tumbo moja. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliambiwa.

Nilipata nafasi baadaye ya kumuuliza mtumishi mmoja wa afya, mtu ninayemheshimu, kwa nini sisi wengine hatuambiwi. Akanijibu kwa nia njema kabisa: "Mama, wengi hawana uwezo. Kumwambia mtu habari za kitu asichoweza kulipia ni kumtesa."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ni kweli jino la kupandikiza ni ghali. Langu, pamoja na kutiwa mfupa, lilimeza fedha ambazo zingeninunulia cherehani mbili mpya za umeme, na bima yangu haikuchangia. Lakini nani alimwambia mtumishi yule uwezo wetu tunauhesabu kwa khanga tuliyovaa siku ya ajali? Huku kwetu watu wanajenga nyumba bati moja moja. Mama anaanza na matofali mwaka huu, mwakani anauza mbuzi anaweka lenta, mwaka unaofuata anapokea mgawo wa vicoba anaezeka. Kusubiri na kukusanya tunajua sana. Tunachokosa ni kuambiwa kwamba kuna saa inayokwenda. Ningeambiwa siku ile kwamba nina miezi michache kabla mfupa haujanywea, ningepanga mchezo wangu wa vicoba kwa hesabu hiyo. Na kama nisingefikia, ningejua nimekosa nini na kwa nini. Hata yule ambaye kweli hawezi ana haki ya kujua kinachotokea ndani ya taya lake.

Tena kuna wagonjwa ambao wangeambiwa ukweli wote wasingeng'oa kabisa. Jino lililotoboka linaweza kuzibwa. Hata lililooza hadi kwenye kiini linaweza kusafishwa mizizi na kuvishwa kofia, likakaa miaka mingi, na daktari aliyenitibu anasema waziwazi kwamba jino lako lililotibiwa likapona ni bora kuliko skrubu yoyote. Lakini mtu anafika na maumivu ya wiki nzima, anasema "ling'oeni nipumzike", na linang'olewa. Maumivu yanaisha jioni ile. Ya mfupa hayaumi, ndiyo maana hakuna anayeyauliza.

Mkoani kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, na nieleze kwa nini. Bibi yangu mzaa baba, Mgogo wa upande wa Mvumi, hakuwa na meno mawili ya kati ya chini. Aling'olewa akiwa msichana kama walivyong'olewa wenzake wote, ilikuwa ndiyo alama ya kabila, pamoja na masikio yaliyotobolewa ndewe. Yeye alituambia pia kwamba pengo lile lilisaidia kumnywesha uji mtu aliyefungwa taya na pepopunda. Kwa hiyo tumekulia mahali ambapo pengo halikuwa aibu wala ugonjwa, na hilo mimi silioni baya. Ila limetuachia mazoea ya kuona jino likitoka basi habari imekwisha.

Yapo mapengo mengine ambayo hayana heshima yoyote ya mila na yanaendelea hadi leo. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, atatokea mtu wa kumwambia mama yake kwamba mtoto ana meno ya nailoni, wengine wanayaita ya plastiki. Anapelekwa kwa mtu wa mtaani, anachokonolewa fizi kwa chuma, na vinatolewa vitu vyeupe laini, mama anaonyeshwa aamini. Vile vyeupe ni chonge za utoto ambazo hazijakomaa. Havileti homa. Mtoto anaweza kutokwa damu hadi kufa, au kupata maambukizi, na akipona mara nyingi jino la ukubwani linalofuata linaharibika au halioti. Nawaomba mama zangu na wadogo zangu, mtoto akiharisha mpeni maji ya chumvi na sukari ya pakiti na mkimbieni naye zahanati.

Na ndugu zetu wa Singida, pamoja na baadhi ya vijiji vya huku ambako maji ya visima yana floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, wana meno yenye madoa ya kahawia tangu utotoni. Nimewahi kushonea binti wa huko gauni la harusi aliyenieleza kwamba anataka kung'oa meno ya mbele yote apandikize meupe. Nilimsihi asifanye hivyo. Madoa yale yaliingia wakati jino linatengenezwa ndani ya taya, na jino lenye madoa linaweza kuwa zima kabisa na mzizi wake imara. Yapo matibabu ya kusugua au kufunika uso wa jino yasiyogusa mzizi. Kung'oa jino zima ili uweke skrubu ni kutupa mfupa ambao hutaupata tena kirahisi.

Sitaki pia msomaji adhani kwamba kipandikizi kikishashika basi kazi imekwisha. Hakiozi, hilo kweli, kwa sababu titani haiozi. Lakini fizi iliyokizunguka inaweza kuvimba kwa uchafu na uvimbe ukala mfupa polepole, na kwa kuwa hakuna zile nyuzi laini wala mshipa wa fahamu wa jino, mtu hahisi mapema. Napiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na napitisha uzi wa meno pembeni mwake. Uzi wa kushonea siukati tena kwa jino, nimefunga mkasi mdogo kwa kamba shingoni. Wanaotunza hivyo wana matumaini makubwa: kati ya vipandikizi 100, zaidi ya 90 huwa bado vimesimama baada ya miaka 10. Wanaovuta sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa hupata shida zaidi. Aliyepigwa mionzi ya saratani kwenye taya, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, lazima amwambie daktari kabla ya jambo lolote, hata kabla ya kung'olewa. Na kijana ambaye taya lake bado linakua asubiri, kwa sababu kipandikizi hakisogei na mfupa unaokua. Meno ya jirani yatashuka na lake litabaki juu.

Ninachoomba si kikubwa. Kila chumba cha kung'olea meno, cha serikali au cha binafsi, mgonjwa aambiwe kabla ya ganzi: kama jino hili linaweza kuokolewa, mfupa wake utakuwaje likitoka, na njia za kuziba pengo ni zipi, kuanzia jino la kuvaa, daraja linaloshikwa na meno ya jirani yaliyochongwa, hadi la kupandikiza. Sentensi hizo ziandikwe kwa Kiswahili kwenye ile fomu ya ridhaa tunayosainishwa haraka haraka. Zibandikwe ukutani pia, karibu na ule ubao wa Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ili hata anayeona haya kuuliza azisome akisubiri namba yake. Wizara ya Afya hailazimiki kutenga fedha nyingi kwa hilo, karatasi inatosha. Na wewe Mhariri, tafuta daktari wa kinywa na meno akujibie maswali ya wasomaji kila wiki. Maswali tunayo mengi.

La mwisho ni kwa madereva wa bodaboda na abiria wao. Jino la ukubwani likitoka zima kwenye ajali, lisitupwe. Lishike upande wa juu unaoonekana, usiguse mzizi, usilisugue. Likiwa na mchanga lipitishe kwenye maji safi kidogo tu. Kama aliyeumia ana fahamu zake, lirudishwe kwenye tundu lake pale pale, ang'ate kitambaa safi, akimbizwe kwa daktari wa meno. Ikishindikana, liwekwe kwenye maziwa, yale ya pakiti ya dukani yanafaa, lisiachwe likauke. Likirudishwa ndani ya nusu saa, hata saa moja, lina nafasi ya kushika tena, na mzizi ukiokoka mfupa nao unaokoka. Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuumiza la ukubwani lililoko chini yake.

Mkilazimika kuipunguza barua hii kwa sababu ya nafasi, punguzeni habari zangu. Aya ya maziwa iacheni kama ilivyo.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma
(Jina limehifadhiwa)